Nyumba Ndani ya Gunia la Maharagwe

Mwizi huficha alichoiba, na mchoyo huficha alichopika. Nasambu hakuwa mwizi wala mchoyo, lakini huu ulikuwa mwaka wa tatu tangu afiche nyumba nzima ndani ya gunia la maharagwe, kwake Mabanga. Kila alipochota maharagwe ya kupika alichota upande mmoja tu, polepole, asije akagonga paa.

Ilikuwa nyumba ya udongo, kimo chake kama kikombe kikubwa cha uji. Kuta zilikuwa za zambarau iliyopauka, maua ya udongo yamepanda kutoka mlangoni hadi darini, na juu ya paa palisimama chimni, bomba la moshi lenye tundu halisi. Ilifinyangwa Uingereza zamani za mababu wa mababu zetu, ikavuka bahari katika mizigo ya walowezi, ikaja kukaa juu ya meko ya sebule katika shamba moja la upande wa Endebess. Mtu mmoja tu duniani alikuwa akiitafuta, naye ni Pritam Singh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kitale. Na mtu aliyetumwa kumtafutia ni huyuhuyu Nasambu.

Sasa utauliza, mtu hutumwaje kitu, akakipata, halafu akakifukia kwenye maharagwe? Usimhukumu upesi. Yeye mwenyewe alijiuliza hivyo kila alipofunga gunia, na jibu alilijua, ndiyo maana alifunga kwa kamba mbili.

Nasambu aliuza vyombo katika soko la Bungoma. Duka hakuwa nalo. Alikuwa na turubai na sauti. Siku zisizo za soko alizunguka Kimilili, Chwele na Sirisia akibadilisha vyombo vipya kwa vya zamani, maana mama akishaona sufuria inayong'aa, yuko tayari kutoa hata kile alichoachiwa na mama mkwe. Katika mizunguko hiyo, mwaka mmoja baada ya kumzika mumewe, bibi mmoja wa Kimilili alimpa nyumba ndogo ya udongo iliyojaa masizi na mavi ya mende. Watu wakamwambia aipeleke Kitale, kuna Singh mmoja huko anakusanya takataka za namna hiyo.

Nasambu alikuwa amelelewa vizuri, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwao chombo hakipelekwi kwa mtu kikiwa kichafu. Mwanamke hupimwa kwa sufuria zake zilizoanikwa kwenye uchanja, na sufuria isiyong'aa ni aibu ya ukoo mzima. Basi alikaa chini na majivu, mchanga laini na stilwaya, akaisugua ile nyumba kama anavyosugua sufuria ya ugali. Maua mekundu yakatoka. Dhahabu ya ukingoni mwa paa ikatoka. Mlango ukatoka, madirisha yakatoka. Alipomaliza ilikuwa nyeupe kama yai, naye akaitazama akafurahi sana.

Pritam aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akaisogeza karibu na miwani, akainusa.

"Mama, hii nyumba ulisugua?"

"Sana," Nasambu akasema kwa fahari.

"Na nini?"

"Majivu na mchanga. Stilwaya nilimalizia tu."

Mzee akakaa juu ya mkebe wa rangi. Mabega yakaanza kumtetemeka, na Nasambu akadhani moyo umemshika, akatafuta kwa macho mtu wa kumwita. Kumbe mtu alikuwa anacheka. Machozi yalimtiririka hadi ndevuni.

"Miaka mia na hamsini," akasema alipopata pumzi, "meli, gari moshi, watoto, panya, wote walijaribu kumaliza hii nyumba wakashindwa. Wewe asubuhi moja tu!"

Mwingine angemfukuza. Pritam aliagiza chai, akamlipa kama aliyeleta kitu kizima, kisha akafungua kabati lake la kioo nyuma ya kaunta na kuzitoa nyumba zake moja moja. Alimwonyesha kwamba mgongo huwa bapa, hauna rangi, kwa kuwa nyumba hizi zilisimama ukutani na mfinyanzi hakuona haja ya kupamba upande usioonekana. Alimwonyesha majani ya ukutani, udongo uliosukumwa kwenye chekeche ukatoka nyuzinyuzi. Ile yenye mpasuo juu ya paa ni kibubu cha mtoto, ile yenye minara ni ngome. Usioshe, Mama. Pangusa na kitambaa kikavu. Usishike chimni, ndiyo huvunjika kwanza.

Tangu siku hiyo Nasambu akawa macho yake upande wa Bungoma.

Chanzo cha tamaa hiyo ya Pritam kilikuwa baba yake, fundi wa mawe aliyejenga nyumba za walowezi kutoka Kitale hadi miguuni mwa mlima, na yeye mwenyewe akafa akiishi vyumba viwili nyuma ya duka. Siku moja baba alipokuwa akitengeneza meko kule Endebess, Pritam, mtoto mdogo, aliona mwanamke wa Kizungu akitia kidonge cha manukato ndani ya nyumba ya zambarau, akakiwasha, na moshi ukatoka juu kwenye chimni kana kwamba ndani mna watu wanapika. Alinyoosha mkono. Akaambiwa asiguse. Miaka ikapita, walowezi wakaondoka, vitu vyao vikatawanyika. Vingine vilinadiwa, vingine wakapewa wapishi na mayaya, na wapishi wengi walitoka Bungoma.

Binti yake wa pekee, Avneet, aliishi Birmingham na mumewe. Kila akipiga simu alimwambia kwamba vijumba hivyo huko vimejaa madukani, aje ajichukulie hata gunia. Pritam hakuvitaka vya huko. Alitaka vilivyovuka bahari vikaachwa.

"Wenyewe walienda, hizi zikabaki," alimwambia Nasambu. "Kama mimi tu. Ndugu zangu wote wako London, wako Canada. Mimi niko hapa nauza misumari."

Halafu akaongeza neno ambalo alikuwa akilisema kwa kila mtu, kwa Avneet, kwa jirani yake Gita wa duka la vitambaa, hata kwa wateja wa mabati: "Imebaki moja. Siku nitapata ile ya moshi, nimemaliza. Nafunga duka, naenda kwa mtoto."

Na Nasambu akaipata.

Aliipata Sirisia, kwa Hillary, mwana wa marehemu mzee Mukhwana aliyekuwa mpishi Endebess. Ilikuwa dirishani, imetiwa sindano na nyuzi. Hillary alisema baba yake alikuwa akiapa kwamba nyumba hiyo ilitoa moshi enzi za wazungu, nao watoto walimcheka. Nasambu alimpa thermos mbili na trei, akamwambia inaenda kwa Singh wa Kitale, akaifunga nyumba kwa leso, na moyo ukamruka kwa furaha. Akilini alimwona Pritam akikaa juu ya mkebe wake wa rangi, akilia ndevuni. Alijiona yeye mwenyewe akiwa ndiye aliyemletea.

Furaha ilimfikisha hadi barabarani, ikaishia hapo. Hapo ndipo alipoyasikia yale maneno mengine sawasawa: nafunga duka, naenda. Magari ya Kitale yalipita, akayaacha. Alienda Mabanga, akafungua gunia la maharagwe, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko.

Alimpenda, tuseme tu. Mwanamke mzima, mama wa Levi na wadogo zake, nyanya wa watu, alimpenda mzee wa kilemba anayeuza misumari, na hakujua aliweke wapi jambo hilo. Alikuwa mjane aliyekataa kurithiwa na shemeji, akasema atakaa katika nyumba ya mumewe na atazikwa pale. Wakwe walikubali, ila walimtazama kama watu wanaotazama jungu, wakingoja lifurike. Na yeye Pritam alikuwa na watu wake, na hekalu lake, na binti yake. Hakuna aliyewakataza. Hakuna hata aliyewahi kufikiri kuna cha kukataza, na hilo liliuma zaidi.

Basi walikuwa na Alhamisi. Kila Alhamisi Nasambu alipanda Kitale kuchukua mali ya kuuza, na akishamaliza aliingia dukani. Pritam alimwekea chai nzito ya tangawizi. Nasambu alimletea njugu za kukaanga, au ndizi, au kunde zilizochambuliwa tayari kwa sababu mzee hakujua kuchambua. Walikaa pande mbili za kaunta wakazungumza bei ya mbolea, ukaidi wa Levi, mvua. Kabla hajaondoka, Pritam aliuliza:

"Umepata?"

"Bado."

"Haya." Kisha alimwongezea chai, hata kama kikombe hakijaisha.

Neno hilo moja, bado, ndilo lililokuwa sala ya Nasambu. Alilisema kwa sauti ya mwenye kusikitika, na moyoni alikuwa anasema kaa. Njiani kurudi dhamira ilimsuta. Mtu amengoja tangu utotoni, na wewe umemkalia furaha yake kama kuku aliyelalia mayai ya mwenzake. Akaapa kwamba Alhamisi ijayo ataileta. Alhamisi ikafika, harufu ya tangawizi ikampata mlangoni, akasema bado.

Kisha, mvua za masika zilipoanza, Pritam akashikwa na kifua. Pumzi zilimkata akipanda ngazi ya dukani. Hakumwambia Nasambu ila kwamba ni baridi tu. Aliyeambiwa ni Avneet, na Avneet hakupiga simu tena, alipanda ndege.

"Mama Levi," Pritam akasema kwenye simu Jumatano jioni, "kesho usikuje, kutakuwa na watu wa kupakia. Kuja Jumamosi. Jumapili tunatoka."

"Mnatoka kwenda wapi?"

Alijua. Aliuliza tu ili asikie kitu kingine.

"Kwa Avneet."

"Na ile moja?"

"Mtoto amechoka kungoja," akasema Pritam.

Ijumaa ilimkuta Nasambu hawezi hata kuosha uso. Mdogo wake Emmy, aliyeolewa Matisi huko Kitale, alikuwa amekuja kuchukua mbegu ya kupanda. Hakuna aliyemwonya kuhusu upande wa gunia. Aliingiza mkono katikati kama mwenye mali.

"Nasambu! Kuna kitu iko na kona huku!" Akavuta, maharagwe yakamwagika, nyumba ikatoka chimni kwanza. "Ati nini hii? Bana, watu wanaficha pesa, wewe unaficha nyumba?"

Nasambu alitaka kudanganya, ila kinywa kilikataa. Akasimulia yote, tangu Sirisia hadi simu ya juzi, akiokota maharagwe sakafuni ili asimtazame mwenzake. Emmy alicheka mpaka akashika ukuta. Alipoona maharagwe yanayookotwa yanalowa machozi, akaacha.

"Dada, mapenzi ni kikohozi. Wewe umekohoa ndani ya gunia miaka tatu."

"Nyamaza."

"Sinyamazi. Mpelekee."

"Nikimpelekea atajua nilimdanganya."

"Kweli. Atajua ulimdanganya, na atajua kwa nini. Sasa wewe unataka aende asijue?" Emmy akapangusa paa kwa upindo wa sketi yake. "Mficha uchi hazai. Na huyu mzee wako si kijana wa kungojwa."

Jumamosi Nasambu alivaa gauni la kanisani, akaifunga nyumba kwa leso ileile ya Sirisia, akaenda Kitale.

Duka halikuwa duka tena. Mabati yalikuwa yamechukuliwa, rafu zimebaki na alama za vumbi mahali pa mikebe, na kabati la kioo lilikuwa wazi, tupu. Masanduku ya mbao yalipangwa sakafuni, yamepigiliwa misumari. Mwanamke mwenye jinzi, nywele zimefungwa juu, alikuwa akiandika anwani kwenye moja lao kwa kalamu nene. Aliinua macho.

"Wewe ni Mama Levi," akasema kabla hajasalimiwa. Kiswahili chake kilikuwa kimeota kutu, ila kilikuwa cha Kitale. "Mimi Avneet. Papa kwa simu ni nyumba, Mama Levi, Mama Levi, nyumba. Mimi nilidhani wewe ni mzee sana."

Pritam alikuwa nyuma ya kaunta, kwenye kiti chake, amepungua ndani ya sweta. Fimbo ilikuwa imeegemea goti. Nasambu alizungukia upande wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaweka leso mapajani pake.

"Nimekuletea."

Pritam alifungua fundo polepole. Leso ikaanguka kando, na nyumba ya zambarau ikakaa mapajani pa mtu aliyekatazwa kuigusa. Nasambu alingoja alie, au acheke, au amkaripie. Mzee alipitisha kidole kwenye maua, akazunguka mlango, akapanda hadi chini ya chimni, asiiguse. Uso wake ulikuwa umetulia. Kisha akainusa.

"Gunia ama mtungi?" akauliza.

"Nini?"

"Mahali uliweka. Inanuka maharagwe."

Nasambu akakaa juu ya sanduku la mbao. "Ulijua?"

"Hillary wa Mukhwana alikuja kuchukua misumari ya paa, mwaka ule ule. Akaniuliza, Singh, ulipenda nyumba ya baba? Nikasema nyumba gani. Akasema si yule mama wa vyombo alikuletea." Pritam alivuta pumzi, na pumzi ilichukua muda kufika. "Nikamwambia ndiyo, nimeipenda sana."

"Mwaka ule ule."

"Ule ule."

"Na kila Alhamisi unaniuliza, umepata!"

"Nakuuliza. Ukasema bado." Akainua macho, na hapo Nasambu akaona kwamba utulivu wote ulikuwa usoni tu. "Siku ya kwanza nilikasirika. Niliongeza chai ili usione. Halafu usiku nikafikiri, huyu mama ananifichia kwa nini? Pesa nampa. Kiburi hana. Basi, ni kwa sababu hataki nifunge duka. Alhamisi ingine nikauliza tena ili nisikie tena. Avneet akisema, Papa unakuja lini, namwambia imebaki moja. Si uongo. Ilibaki moja."

Avneet alikuwa ameacha kuandika.

"Ungesema," Nasambu akanong'ona. "Mimi nilikuwa nangoja wewe useme kitu. Chochote."

"Na mimi nilikuwa nangoja ulete. Nilisema, siku ataleta, atasema kwa nini alificha."

Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo, lakini hawakusema kwamba wawili wanaweza kungojana pande mbili za kaunta moja, chai ikiwa katikati yao, mpaka mmoja wao pumzi zimwishie. Nasambu aliona hasira ikimpanda, hasira kwake mwenyewe na kwa mzee huyu na kwa zile Alhamisi zote zilizotumika kuzungumzia mbolea. Angeweza kupiga mtu kwa nyumba ile.

"Basi sema," Pritam akasema. "Umeleta. Sema."

"Sikutaka uende." Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, ikagonga kwenye rafu tupu. "Hata sasa sitaki. Nilikuwa nakuja Kitale kwa sababu yako, vyombo ningeletewa Bungoma. Kaa."

Pritam alifumba macho, kama mtu anayesikia mvua ikianza juu ya mabati baada ya kiangazi.

"Asante," akasema. "Asante, Nasambu."

Hakuwahi kumwita jina hilo. Tangu alipoolewa, watu wa kumwita hivyo walikuwa wamebaki wachache, Emmy akiwa mmoja wao.

"Moyo umeharibika," Pritam akaendelea. "Madaktari wanataka kufungua, na wanataka kufungua huko, karibu na mtoto. Ningekuwa peke yangu ningebaki. Kufa hapa siogopi, baba yangu alipokufa alichomwa hapa, kwa desturi yetu. Lakini huyu," akaonyesha kwa kidevu, "hana mwingine. Amekuja mwenyewe kunichukua."

Nasambu alimtazama Avneet, akatafuta mahali pa kumchukia, akakosa. Mwanamke huyo alikuwa na macho ya baba yake. Avneet akageuka, akaingia chumba cha nyuma. Walimsikia akifungua mfuko, akiangusha kitu. Alirudi na kiberiti na kidonge cha ubani kutoka mahali pa sala pa marehemu mama yake, akaviweka juu ya kaunta bila neno, akarudi ndani kupika chai.

Pritam alitia kidonge kupitia tundu la mgongoni. Vidole vilikuwa vizito, Nasambu akamwashia. Kwa muda hapakutokea kitu, na wote wawili wakainama kwa wasiwasi, vichwa karibu kugusana. Halafu moshi ukatoka. Haukuwa moshi mwingi. Uzi mwembamba tu ulipanda kutoka kwenye chimni, ukayumba, ukanyooka tena, na duka tupu likanukia.

"Wanapika," Pritam akasema, akacheka kwa sauti ya mtoto.

"Wanapika nini?"

"Kunde." Akacheka tena mpaka kikohozi kikamshika, na Nasambu akamwekea mkono mgongoni, akauacha pale hata kikohozi kilipopita.

Walikunywa chai katika vikombe viwili pekee vilivyokuwa havijapakiwa. Avneet alikunywa yake kwenye kifuniko cha thermos. Nyumba ilipopoa Pritam aliipangusa kwa kitambaa kikavu, akaifunga kwenye leso, akaisukuma upande wa Nasambu.

"Beba."

"Ni yako hii. Umeitafuta maisha yako yote."

"Masanduku yamefungwa. Na nikibeba hii nimemaliza." Akatikisa kichwa. "Sitaki kumaliza. Mtu akikuuliza habari yangu, sema Pritam bado anatafuta."

Nasambu hakubishana, akaichukua. Aliinuka kwa sababu asipoinuka saa ile hangeinuka. Aliagana na Avneet, na Avneet akamshika mikono yote miwili. Alipofika mlangoni alisikia fimbo nyuma yake.

"Nakusindikiza," Pritam akasema.

"Na kifua hicho? Kaa chini."

"Nyinyi watu wa Bungoma mnasemaje? Mgeni anaachwa mlangoni kama mbuzi?"

Ni kweli, upande wa kwao mgeni haachwi mlangoni. Husindikizwa hadi barabarani, na anayependwa husindikizwa mbali zaidi. Basi wakatoka. Mzee wa kilemba na mama wa vyombo wakapita katikati ya mji wa Kitale mchana, bega kwa bega, polepole, na zaidi ya leso ile ndogo hakuna aliyekuwa amebeba mzigo wa kusingizia. Gita alitoka mlangoni na futi yake ya kupimia vitambaa shingoni, akasahau mteja. Mwendesha boda alipiga honi, "Niaje mzee! Leo tunatembea?" Pritam akainua fimbo kumjibu. Mkono wake wa pili ulikuwa umeshika kiwiko cha Nasambu, na Nasambu aliwaza kwamba habari hii itafika Mabanga kabla yake, ikafike tu.

Walifika stendi. Gari la Bungoma lilikuwa linaita. Nasambu alimtazama Pritam, midomo yake imekuwa ya kijivu, kifua kinapanda na kushuka.

"Siwezi kukuacha urudi peke yako hivyo," akasema. "Sasa mimi nakusindikiza wewe."

Wakarudi. Duka lilipoonekana, Avneet alikuwa ameketi kwenye kiti nje, akiwatazama. Hakuita. Pritam alisimama kabla hawajafika.

"Na wewe urudi stendi peke yako? Hapana. Si adabu."

Nasambu alicheka. Kila aliyekulia kijijini anaujua mchezo huu, marafiki wawili wasiotaka kuachana, wakisindikizana huku na huku mpaka mama zao waite. Wakageuka tena. Safari hii walipumzika njiani mara nyingi, penye kivuli cha benki, penye ngazi za duka la dawa. Hawakuzungumza mbolea. Pritam alimwambia kwamba kila Jumatano jioni alikuwa akipangusa kiti cha Nasambu, cha upande ule wa kaunta. Nasambu alimwambia kuhusu kamba mbili za gunia.

Mchezo huo una kanuni yake ya kuumaliza, na wote wawili waliijua. Mnagawana njia. Mnafika katikati, mnasimama, kila mmoja anageukia kwake.

Walisimama katikati, kati ya duka na stendi.

"Tuachane hapa," Pritam akasema. "Wewe tangulia."

"Tangulia wewe, una ndege."

"Wewe una gari."

Watu waliwapita kulia na kushoto, wakiwazunguka kama wanavyozunguka shimo la barabarani. Mkono wa Pritam ulikuwa bado kwenye kiwiko chake, mwepesi, na Nasambu aliogopa kusogea usije ukaanguka. Kutoka stendi kondakta aliita Bungoma, mtu mmoja, imebaki nafasi ya mtu mmoja. Nasambu alimsikia vizuri, wala hakugeuka.